Kompyuta Iliyovalishwa Kama Kitabu cha Shule

Mimi huandika polepole. Shuleni mwalimu alikuwa akifuta ubao kabla sijafika katikati, na wenzangu walikuwa wakitoka kwenda kucheza huku mimi nikiwa bado kwenye dawati. Niliishia darasa la nane. Haya pia yamechukua muda mrefu, kwa sababu nimeyaandika kwa kidole kimoja, kwenye kompyuta ile ile ninayotaka kuieleza.

Kaka yangu ndiye aliyeinunua. Anauza mbolea na mbegu katika duka moja Kitale, na mimi nilikuwa nikiishi naye huko nikibeba magunia kutoka kwenye lori hadi stoo. Ilikuwa kazi iliyonifaa. Gunia halikuulizi kitu. Mama alikuwa nyumbani kwetu Kabuchai pamoja na shangazi yetu, dada ya baba, ambaye sisi humwita senge. Mama akaanza kuugua tumbo. Alilazwa Bungoma, akapimwa, akalazwa tena, kisha daktari akamwita kaka kando na kumwambia tumpeleke mama nyumbani akapumzike. Wote tulielewa maana yake, hata mama. Kaka ana mke na watoto, mimi sina mtu, kwa hivyo mimi ndiye niliyeacha kazi nikarudi kumwangalia.

Siku chache baada ya kutoka hospitali, mama aliniita. Alikuwa kwenye kochi, miguu ameifunika kwa shuka.

"Nataka uandike maisha yangu," akasema. "Ile ya kusomwa."

Kwetu mtu akizikwa, maisha yake husomwa mbele ya watu wote: alikozaliwa, alivyokua, alioa au kuolewa na nani, amewaacha akina nani. Huandikwa na jamaa baada ya mtu kufariki. Sikuwahi kusikia mwenyewe akiagiza yake akiwa hai.

"Mama, usiseme hivyo," nikamwambia.

"Niseme vipi? Nisubiri nikiwa kwa sanduku ndiyo niseme?"

Senge, aliyekuwa akichambua maharagwe karibu na mlango, akacheka.

Nilijua kwa nini mama alitaka hivyo. Baba alipofariki, karatasi yake niliiandika mimi kwa kalamu, kwa sababu kaka alikuwa akihangaika na sanduku na chakula cha wageni. Mzee wa kanisa aliyekuwa akiongoza shughuli alipoanza kuisoma, aliisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali, akaiinamisha kwenye mwanga. Akasema kwenye kipaza sauti kwamba mwandishi wetu leo ni kuku, ameparua. Watu wakacheka kidogo, kicheko kile cha matanga kisicho na ubaya. Akasoma mistari aliyoweza, kisha akakunja karatasi na kusema, "Na mengine mengi." Baba alikuwa ameishi miaka yote ile, akalima mashamba ya watu hadi akapata lake, na hapo ndipo ilipoishia.

"Mimi sitaki na mengine mengi," mama akasema siku ile kwenye kochi. "Hayo mengine mengi ndiyo mtu mwenyewe. Nataka yaandikwe na mashine, herufi zionekane, asome yote mpaka mwisho."

Nilimpigia kaka simu nikamweleza. Mwisho wa juma akaja na laptopu mpya kabisa ndani ya boksi lake. Alisema nikimaliza ya mama itanisaidia baadaye, naweza hata kufungua kibanda cha kuchapia watu barua.

Wasiojua nyumba yetu labda hawataelewa kilichofuata. Mama alikuwa fundi wa vitambaa vya kushona kwa sindano ya kulabu. Kochi lina vitambaa, meza ina kitambaa, redio ina chake, na televisheni ina kama pazia lenye maua ya njano. Saa ya ukutani bado iko ndani ya nailoni iliyokuja nayo. Godoro la wageni halijawahi kutolewa nailoni, ukilalia linapiga kelele usiku kucha. Kitu kipya nyumbani kwetu kinavalishwa kabla hakijafanya kazi.

Mama aliishika ile kompyuta, akaigeuzageuza, akapitisha kidole chini yake palipo na vitundu vidogovidogo.

"Huku chini kutaingia vumbi," akasema. "Na mende. Senge, hebu angalia chini ya kitanda, kuna ile nailoni ya vitabu."

Ilikuwa nailoni nene inayoonyesha ndani, iliyobaki tangu nikiwa shule. Kila mwaka shule zilipofunguliwa, mama alikuwa akiketi chini na vitabu vyangu vyote na kuvivalisha kimoja kimoja. Alikuwa akikunja pembe kama anayekunja shuka la kitanda cha hospitali. Nilikuwa mtoto wa mwisho darasani kumaliza kuandika, lakini hakuna aliyekuwa na vitabu safi kama vyangu.

Siku ile aliivalisha kompyuta vivyo hivyo. Senge alishika ncha, mama akakata kwa makasi. Aliifunika chini yote na pembeni, akabandika kwa selotepu, akaacha tundu moja la kupitishia waya wa chaja. Ilimchukua mchana mzima na alipumzika mara nyingi. Alipomaliza alitandika mezani kitambaa cheupe chenye maua, cha sufu nzito, akaiweka juu yake.

"Kitu mpya ikikaa uchi inazeeka haraka," akasema.

Kaka alikuwa amesimama hapo na kikombe cha chai. "Umeijulia, mama," akasema. Sote tuliona imependeza. Hakuna aliyefikiria jambo lingine.

Tukaanza siku iliyofuata. Mama alisema, mimi nikachapa. Alianza na alikozaliwa, upande wa Saboti, mahali ambapo asubuhi mlima uko karibu hadi unaona moshi wa watu wanaoishi juu. Mama yake alikuwa akipeleka vitunguu Suam, mpakani, na kurudi na ndizi kutoka ng'ambo, Uganda, naye akimfuata nyuma na kapu dogo kichwani.

"Polepole, mama," nikamwambia. "Niko kwa vitunguu."

"Mimi nishafika Suam nimerudi, wewe bado uko kwa vitunguu?"

Senge akasema, "Mngoje, atakupata kwa ndizi."

Tulicheka. Muda si muda kompyuta ikaanza kupiga kelele ndani, kama mtu anayepumua baada ya kupanda kilima. Nikahisi joto kwenye vidole. Nikaweka kiganja pembeni nikakiondoa haraka. Kisha kioo kikawa cheusi, na kelele zikakoma.

"Imelala?" mama akauliza.

Nilingoja, nikaiwasha tena. Vitunguu havikuwepo. Hata Suam haikuwepo. Sikuwa nimejua kwamba maneno lazima uyahifadhi.

Mama hakukasirika. Alianza upya, na kwa kuwa alianza upya alikumbuka kitu ambacho mara ya kwanza alikisahau, kwamba kapu lile alisukiwa na babu yake. Kuanzia hapo nikajifunza kuhifadhi kila nilipoweka nukta. Lakini joto halikuisha. Kila siku ilikuwa hivyo: sentensi kadhaa, kelele, moto, giza.

Nilimpigia kaka. Akasema, "Hizo vitu hupata moto. Bado ni mpya, inazoea." Senge alisema labda ni stima ya huku kwetu, kali kuliko ya mjini. Siku nyingine alipendekeza tuipanguse na kitambaa cha maji baridi kama mtoto mwenye homa, na nikalazimika kuikumbatia asiifikie.

"Sasa wewe unalinda mashine, na mama yako je?" akasema, lakini alikuwa akitania.

Ilikuwa majira ya baridi na mvua. Miguu ya mama ilikuwa ya baridi kila wakati, hata akiwa amevaa soksi mbili. Senge alikuwa akimwekea chupa ya maji moto, nayo ikipoa haraka. Alasiri moja kompyuta ilipozima, mama alinyosha mikono.

"Hebu nipe hiyo kitu."

Akaiweka mapajani, juu ya kitambaa chake. Akafumba macho. Kisha akamwambia senge aitelemshe miguuni, aifunike pamoja na shuka.

"Wee, hii ni nzuri," akasema. "Hii imeshinda chupa."

Basi ikawa ndiyo njia yetu ya kufanya kazi. Mimi nilichapa hadi inazima, kisha ikaenda miguuni mwa mama hadi inapoa, kisha ikarudi kwangu. Sikumwambia mtu, lakini niliacha kulaumu lile joto. Niliona mashine inafanya kazi mbili.

Maisha yake yakaendelea. Baba alikuja Saboti kuvuna mahindi ya watu akiwa na shati lisilo na kifungo kimoja, na mama alijua kuna mtu ambaye hana wa kumshonea. Walianza na ng'ombe mmoja, jeuri, wakampa jina la mke wa chifu.

"Hiyo pia niandike?" nikauliza.

"Andika. Mke wa chifu alishakufa."

"Na wajukuu wake watakuja matanga," senge akasema.

"Waje. Watajua bibi yao alikuwa na maziwa."

Alicheka hadi akashika tumbo. Baada ya kicheko hicho hakusema tena siku hiyo.

Muda ulifika ambapo hakuweza kuketi kwenye kochi. Senge na jirani walimhamishia kitandani, chumbani. Kwetu kijana akishatahiriwa haingii tena chumba cha kulala cha mama yake. Ana nyumba yake ndogo nje, na kwa mama anaishia sebuleni. Hakuna anayekusimamia, ni kitu unachokua nacho, kama usivyoweza kumwita mzazi wako kwa jina. Chumba cha mama hakina mlango, kina pazia, nalo pia alilishona yeye. Nikasogeza stuli hadi kando ya pazia. Nikavuta waya wa stima kutoka ukutani. Yeye akasema akiwa ndani, mimi nikachapa nikiwa nje. Mashine ikizima, senge alikuwa akiichukua kutoka mapajani mwangu na kupita nayo chini ya pazia. Ilikuwa ikiingia pale ambapo mimi sikuweza kuingia. Nilikuwa nikisikia mama akisema "aah" inapomgusa miguu.

Sauti yake ilikuwa imepungua. Nilikuwa nikiegemeza kichwa kwenye pazia ili nisikie. Alisema juu ya kaka, mtoto wake wa kwanza, kwamba alichelewa kutembea lakini aliwahi kusema, na alipoanza kusema aliomba vitu. Alisema juu ya mtoto wa pili, msichana, ambaye hakufikisha mwaka.

"Huyo muandike kama wengine," akasema. "Usiseme 'aliyefariki' kwanza. Sema kwanza alikuwa anacheka."

Nikaandika alikuwa anacheka. Nikahifadhi.

Nikasikia kitanda kikilia, kama anageuka upande wangu.

"Na huyu wa mwisho," akasema.

Nikachapa: Na huyu wa mwisho. Huyo ni mimi. Mikono ilikuwa imeshaungua, kelele za ndani zilikuwa zimepanda. Kioo kikawa cheusi.

"Mama, ngoja. Imezima."

"Iache ipumzike. Mpe senge ailete, miguu imekuwa barafu."

"Nitaandika kwa karatasi. Sema tu."

"Hapana. Karatasi hapana." Akapumua. "Hayo yako nataka niyaseme nikiwa na nguvu. Kesho."

Kesho yake mashine haikuwaka. Nilibonyeza, nikangoja, nikabonyeza. Ilikuwa imekufa kabisa. Mama alisema kupitia pazia niipeleke kwa fundi, yeye atangoja. Alisema hivyo: "Nenda, nitangoja." Nikaifunga na kitambaa chake kwenye begi, nikaenda Kitale.

Fundi ambaye kaka alinielekeza ni kijana kama mimi, ana kibanda chini ya ngazi za jengo moja mjini. Aliitoa kwenye begi, akaigeuza, akaiangalia, akaniangalia mimi.

"Niaje, hii nani aliivalisha?"

Nikakichukua kitambaa, nikakikunja.

"Bana, hii imevaa sweta na koti la mvua. Inapumulia wapi?" Akanionyesha vile vitundu vya chini, kimoja kimoja, chini ya nailoni. "Hii ndiyo pua yake. Feni inavuta hewa hapa, inatoa hapa. Nyinyi mmeifunga pua. Imejipika yenyewe."

Kulikuwa na wateja wengine wawili, wakacheka. Fundi alipitisha kisu chembamba kwenye selotepu ya mama, pembe baada ya pembe. Nailoni ikatoka nzima, bado ina umbo la kompyuta, kama ngozi iliyovuliwa na nyoka. Akaikunja akaitupa kwenye ndoo ya taka.

"Nipe hiyo," nikasema.

"Nini?"

"Hiyo nailoni."

"Ya nini na ndiyo imeua mashine?"

"Nipe tu."

Akaiokota akanipa. Hakucheka tena. Nafikiri aliona uso wangu. Niliikunja polepole kufuata mikunjo aliyoiweka mama, nikaiweka kwenye begi pamoja na kitambaa.

Akaifungua ndani. Feni ilikuwa imeungua, ikabidi atafute nyingine, na ile aliyoipata ingeletwa kesho yake. Nililala kwa kaka. Simu nilimpigia senge, akasema mama amelala, amekunywa uji kidogo. Mchana wa siku ya pili fundi aliiwasha mbele yangu. Ikawaka. Kioo kikafungua maandishi yenyewe, pale pale tulipoishia, na fundi akasoma kwa sauti.

"Na huyu wa mwisho... Wa mwisho anafanya nini?"

"Bado," nikasema.

Akanishikisha chini yake. Ilikuwa imewaka muda wote huo na ilikuwa baridi kama sahani.

Nilifika nyumbani jioni mapema, mvua ikiwa inaanza. Senge alikuwa ukumbini, ameketi bila kufanya kazi yoyote. Sijawahi kumwona ameketi hivyo.

"Amekuulizia," akasema. "Asubuhi amekuulizia. Sasa hasemi sana."

Niliketi kwenye stuli yangu kando ya pazia nikaiwasha. "Mama, nimerudi. Imetengenezwa."

Senge akaichukua akaingia nayo, akaiweka miguuni kama kawaida. Nilingoja kusikia ile "aah". Nikasikia sauti ndogo sana.

"Iko baridi. Imekufa?"

"Hapana, mama. Imepona."

Senge akanirudishia.

Niliiweka mapajani. Kamstari kadogo kalikuwa kanapepesa baada ya neno "mwisho", kakingoja. Ilikuwa ni mara ya kwanza mashine kukaa bila kuzima. Ilikaa jioni ile yote. Ilikaa siku iliyofuata, asubuhi hadi alasiri, kimya, feni mpya haisikiki. Maneno hayakuja. Nilisikia pumzi zake tu, na senge akimlowesha midomo. Wakati kulikuwa na maneno, mashine ilikuwa ikizima. Sasa mashine ilikuwa tayari kupokea maneno ya mwaka mzima, na hakukuwa na hata moja.

Senge alimsemesha. Alimwita mulamwa, kama walivyoitana tangu mama aolewe na kaka yake. "Mulamwa, mtoto anangoja maneno yake."

Nikasikia kitanda kikilia, kama senge ameinama. Senge akatoka nje ya pazia.

"Anasema amechoka. Anasema wewe unajua."

Sikusikia hivyo. Nilikuwa nimeegemeza sikio kwenye pazia na nilisikia pumzi tu. Senge ni mtu wa huruma, anaweza kusema kitu ili mtu apate usingizi. Sijamuuliza hadi leo.

"Ingia," senge akaniambia. "Hakuna mtu atasema kitu."

Nilisimama. Nikashika pazia. Kisha nikamsikia mama akilalamika kidogo ndani, "Miguu... miguu," na nikajua jambo ninaloweza kufanya.

Nilitoa ile nailoni kwenye begi. Niliikunjua juu ya meza. Niliivalisha kompyuta nikifuata mikunjo yake, na pale selotepu ilipokataa kushika nilibandika nyingine. Niliziba vile vitundu vyote ambavyo fundi alinionyesha. Nikaiweka juu ya kitambaa cha sufu, nikakirudisha juu pande zote. Kisha nikafungua kila kitu kilichoweza kufunguka ndani yake, picha, video, michezo, vitu nisivyovijua hata matumizi yake, ili ifanye kazi kwa nguvu. Niliyahifadhi maandishi kwanza. Baada ya hapo nilijua kwamba ikipata moto sitaandika tena, na kwamba feni mpya inaweza kuungua kama ya kwanza.

Senge alikuwa akinitazama bila kuuliza.

Ikaanza kupumua kwa nguvu. Niliishika hadi nikashindwa kuishika. Senge akaichukua na kupita nayo chini ya pazia. Nikasikia shuka likisogezwa.

"Hapo sasa," mama akasema.

Hayo niliyasikia mwenyewe.

Alifariki kabla ya jioni, mvua ikiwa bado inanyesha. Kaka alipofika na wanaume wa jirani, nikaingia nao kumtoa. Ilikuwa mara ya kwanza kuingia chumba kile tangu nitahiriwe. Kompyuta ilikuwa bado miguuni mwake, imezima. Niliichukua ikiwa na uvuguvugu. Nikaiweka chini ya koti langu hadi ikapoa yote.

Mashine haikufa. Nilipoivua nailoni na kuingoja, iliwaka. Maandishi yalikuwepo, kuanzia kapu la babu yake hadi mtoto aliyekuwa anacheka. Kaka aliyasoma yote akiwa amesimama. Alipofika mwisho akasema, "Malizia hapa."

"Sikuambiwa."

"Andika kitu tu. Andika, na huyu wa mwisho ndiye aliyenitunza. Si ni kweli?"

"Ni kweli, lakini hakusema."

"Basi futa hayo maneno manne. Ishia kwa yule mtoto."

"Aliyasema."

Kaka aliniangalia sana. Hajanizoea nikimkatalia kitu. Mwishowe akasema tuongeze wajukuu na siku ya maziko juu, mwanzoni, na tuache chini kulivyo. Nikaenda mjini Bungoma nikachapisha. Herufi zilikuwa nyeusi na kubwa, hata mtu wa mbali angezisoma. Juu tuliweka picha yake akiwa na mpira wa sufu mapajani.

Siku ya maziko aliyesoma ni yule mzee wa kanisa wa siku ya baba. Hakusogeza karatasi karibu, wala mbali. Alisoma Saboti, akasoma Suam, akasoma shati lisilo na kifungo, na watu wakanong'ona. Alipofika kwa ng'ombe, watu walicheka kicheko kirefu, na mwanamke mmoja kwenye viti vya mbele akafunika uso kwa leso mabega yakitikisika. Labda alikuwa mjukuu wa mke wa chifu. Mzee akasoma juu ya kaka. Akasoma juu ya msichana aliyekuwa anacheka.

"Na huyu wa mwisho," akasoma.

Akangoja. Akageuza karatasi, nyuma ilikuwa nyeupe. Akairudisha mbele, akatazama chini kabisa, akainua macho kututafuta sisi wa familia. Watu wakaanza kukohoa. Nikamwona akikunja karatasi katikati, akisogea kwenye kipaza sauti na kuvuta pumzi, na nilijua maneno yatakayotoka, kwa sababu niliwahi kuyasikia yakitoka kwenye kinywa kile kile.

Nikasimama. Sijawahi kusimama mbele ya watu, hata kanisani wakati wa kutoa ushuhuda.

"Ni hapo," nikasema. "Hapo ndipo alipofika."

Sauti yangu haikufika mbali. Watu wa nyuma waliulizana kijana amesema nini. Senge, bila kuinuka kwenye kiti chake, akarudia kwa sauti ya kufika barabarani.

"Amesema ndipo alipofika."

Yule mzee akanitazama, kisha akaifungua tena karatasi aliyokuwa amekunja, akailaza juu ya sanduku, upande wenye maandishi ukiwa juu, akaenda kuketi.